Dresa wa Dakika Nzima

Dresa wetu, mfunga vidonda wa zahanati, hakumpa mtu mkono. Hilo ndilo neno la kwanza watu wa Msimbazi watakalokwambia juu yake, na wengi hawana la pili. Katika mji ambao mtu hukupa mkono akikusalimu, akikuaga, akikupa pole na mkipatana baada ya ugomvi, yeye aliiweka mikono yake nyuma, akainama kidogo na kusema, "Shikamoo mzee wangu, mikono iko kazini." Hata Jumapili, barabarani, bila aproni, mikono ilikuwa kazini. Wako waliosema ni kiburi cha mtu aliyepewa viatu na serikali.

Siku moja alikuja shehe mmoja mtu mzima, ambaye mtaa mzima ulimbusu mkono. Alikuja na mjukuu wake anayetoka tongotongo, na njiani alikuwa akimfuta macho kwa vidole. Akamnyooshea Dresa mkono uleule. Dresa akautazama. "Shehe wangu," akasema, "vidudu havijui shikamoo." Kisha akamwonyesha beseni kwa kidevu. Shehe akakunja mikono ya kanzu, akanawa taratibu kama anayetia udhu, halafu akacheka. Tangu siku hiyo kila akija alianza na beseni bila kuambiwa, na aliwakemea waliopita moja kwa moja kwenye benchi.

Namwita Dresa kwa sababu ndivyo alivyotaka. Wagonjwa walimwita Dakta, kama walivyomwita kila aliyeshika sindano, naye aliwakata kauli: "Dakta yuko kwake, anakunywa chai. Mimi ni dresa, nafunga vidonda." Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikuuliza, na nilipokaribia kuuliza alinipa kazi. Najua tu kwamba alikuwa vitani, akibeba machela, kwani mara moja alisema kule aliona watu wengi zaidi wakiuawa na mikono michafu ya rafiki zao kuliko risasi.

Nilipelekwa kwake katika miaka ya hamsini, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi wa miaka kumi na tisa, nimevaa gauni lililokazwa kwa wanga hadi linanikwaruza shingo. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya soko la Kariakoo. Asubuhi ulisikia makuli wakipiga kelele za kuomba njia, ukanusa vitunguu na papa mkavu, na vumbi la magunia likaingia mpaka kwenye pamba tusipofunga dirisha. Dresa alilichukia vumbi lile kama mtu anavyomchukia jirani mwizi.

Mikono yake nitaikumbuka daima. Ilikuwa imepasuka kwa sabuni, ngozi imekuwa nyeupe kwenye viungo, na jioni aliipaka mafuta ya nazi huku akiugulia maumivu. Kucha alizikata kila Ijumaa. Alinawa kabla ya mgonjwa na baada ya mgonjwa, na kama amejikuna pua katikati, alirudi akanawa tena. Nilipokuwa mgeni nilidhani ni wasiwasi. Nilimwambia mara moja, kwa adabu, kwamba mgonjwa anayekuja ni yule wa kipele, hana kidonda. Akanijibu, "Yeye hana. Aliyetoka alikuwa nacho. Kati yao kuna nani?" Kati yao nilikuwa mimi.

Sindano zetu zilikuwa chache, na mabomba ya kioo yalikuwa machache zaidi. Tulizichemsha juu ya jiko la pampu, katika sufuria iliyokuwa haramu kwa kitu kingine chochote. Dakika ishirini, na dakika hizo zilianza maji yanapochemka, si jiko linapowashwa. Alihesabu kwa saa ya mfukoni iliyokuwa na ufa kwenye kioo. Ukitumbukiza sindano nyingine dakika ya kumi na tano, umeharibu: hesabu ilirudi mwanzo. Nilifanya kosa hilo asubuhi moja, foleni imefika barabarani. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mtu mwema aliyetuletea vipande vya bafta vya kufungia vidonda, alikuwa akingoja sindano yake, akatazama saa na kulalamika.

"Bwana Dresa, maji yamechemka toka zamani! Mimi najua kuchemka."

"Yamechemka, bwana. Lakini amekuja mgeni ndani. Tumngoje naye aive."

Walingoja wote. Hakunigombeza mbele yao, na hilo liliniuma zaidi.

Lakini usafi si jambo alilojivunia. Alijivunia macho yake. Alikuwa na msemo: jicho kabla ya mkono, mkono kabla ya sindano. Mgonjwa kwake alianza kupimwa akiwa mlangoni. Anaingiaje? Amejishika wapi? Anamaliza sentensi au anaikata katikati atafute pumzi? Alitukataza kuuliza "unaumwa nini" kabla hatujamtazama mtu vya kutosha, kwa sababu, alisema, mgonjwa hukuambia anachokiogopa, si anachoumwa. Alichunguza ndani ya kope kutafuta upungufu wa damu, alibonyeza miguu ya wajawazito na kuangalia shimo linakaa muda gani, alibana ngozi ya mtoto anayeharisha na kungoja irudi. Yote hayo aliyafanya huku akipiga soga za bei ya nazi, hata mgonjwa asijue kwamba amekwisha kupimwa.

Na pumzi. Katika kupima mtu, hakuna alichokishikilia kama pumzi. "Ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake," alinifundisha, "atapumua kama yuko mbele ya mkwe. Mshike mkono kana kwamba bado uko kwenye mapigo, halafu jicho lipeleke kifuani. Dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha mara mbili. Kichomi ni kijanja, kinaweza kukuficha nusu dakika." Kila asubuhi alituhesabisha sisi kwa sisi, naye akihesabu pembeni, na hesabu zisipolingana tulianza upya.

Nisije nikamfanya malaika. Yeye aliyewachoma watu wote wa Kariakoo alikuwa mwoga wa sindano kupita mtoto. Alipopata jipu la kwapa alikaa nalo siku tatu, na nilipomkaribia na bomba alikumbuka ghafla kwamba kuna ripoti hajaiandika. Alinusa ugoro nyuma ya choo na kufikiri hatujui. Tena alikuwa mwongo. Aliwaambia watoto "haiumi" huku akijua inauma, na kulikuwa na bibi mmoja wa mtaa wa Gerezani aliyekuja kila Jumanne akiumwa kila mahali, ambaye Dresa alimpa maji yenye sukari na rangi akimwapia kwamba dawa ile imetoka Ulaya jana. Nilimuuliza haoni vibaya? "Kinywani naweza kumliwaza mtu," akasema. "Kwenye kadi siwezi. Kadi inasomwa na mtu asiyemwona mgonjwa."

Sasa niseme langu, maana bila hilo picha hii ni ya nusu mtu.

Mapigo yanataka kidole. Joto linataka kipimajoto. Pumzi hazitaki chombo, na ndiyo maana ndizo tunazoziibia. Waulize manesi wa umri wangu, na wakikujibu kweli watatazama chini: tuliandika ishirini bila kuhesabu. Mtu aliyeingia kwa miguu yake, ishirini. Anayeongea na kucheka, ishirini. Mwezi wangu wa tatu pale kwa Dresa nilikwisha kuujua ujanja huo, na niliutumia kila foleni ilipokuwa ndefu.

Ilikuwa siku ya kuamkia Idi. Soko lilifurika, na majeruhi wa soko walifurika kwetu: aliyekatwa na panga la nyama, aliyeangukiwa na tenga, mtoto aliyemwagikiwa mafuta ya moto mguuni. Katikati yao akaingia hamali mmoja mwenye mabega mapana, bado ana vumbi la unga kwenye nywele. Akakaa, akanipa tabasamu.

"Dada, ubavu umenibana. Nadhani ni lile gunia la jana, lilinishika vibaya."

Alinitania kwamba mikono yangu ina baridi, niolewe ipate joto. Joto lake lilikuwa mia moja na moja kwa vipimo vya Farenhaiti vya siku zile. Mapigo, mia moja na kumi na nane. Nikaandika. Kisha kwenye mstari wa pumzi nikaandika ishirini, na sikuwa nimetazama kifua chake hata mara moja.

Kila siku saa sita mchana lilipita gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa, nasi tulikuwa na nafasi mbili. Dresa ndiye aliyeamua nani apande, na aliamua kwa kadi na kwa macho. Nilipompelekea kadi ya hamali alikuwa ameinama kwenye mguu wa yule mtoto, mama analia, mtoto anapiga mateke. Hamali alikaa benchi la nyuma yake.

"Pumzi ishirini?" akauliza bila kugeuka.

"Ishirini, Bwana Dresa."

Akatia sahihi. Nikampa hamali dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu, nikamwambia apumzike siku mbili. Gari la saa sita liliondoka na nafasi moja tupu.

Baada ya sikukuu alikuja mdogo wake yule hamali kutupa habari. Usiku wa Idi ndugu yake alianza kutweta akitafuta hewa, wakambeba asubuhi hadi hospitali kubwa, wakachomwa moyo na maneno ya kwamba amechelewa. Alikuwa amezikwa jana yake. Alitupa habari hiyo kwa upole, kama anavyowapa watu wa karibu, akaondoka zake.

Dresa akaitafuta kadi, akaisoma amesimama. Joto lile na mapigo yale haviendi na pumzi ishirini, hata mwanafunzi wa wiki moja angeona.

"Ulihesabu?"

Nikasema sikuhesabu.

Nilingoja anifukuze. Naapa ningefarijika. Aliiweka kadi mezani, akaitandaza kwa kiganja kama kitambaa kilichojikunja. "Nami sikugeuka," akasema. "Futi mbili nyuma yangu, sikugeuka." Baadaye akasema, "Vaa kanga yako. Tunakwenda msibani."

Huko kwetu mtu akifa hatutafuti mwenye kosa matangani. Tunasema siku yake imefika, kazi ya Mungu haina makosa, na maneno hayo yanawashika wafiwa wasianguke. Nilidhani Dresa anakwenda kuyasema hayo. Yeye akaketi mkekani nje pamoja na wanaume. Mimi nikaingia ndani kwa wanawake, na kwa bahati yangu mbaya nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa kando ya mjane mwenyewe, Mama Siwema, mwanamke mwembamba aliyekuwa akikaanga samaki sokoni Feri. Alikuwa amejifunika shuka nyeupe mpaka kichwani. Dirisha la barazani lilikuwa upande wangu; upande wake wanawake walikuwa wakilia.

Nilimsikia Dresa akijikohoza.

"Wazee, nimekuja kutoa pole, na nimekuja na jambo. Marehemu alifika kwetu siku ya kuamkia Idi. Alikuwa na kichomi, na dalili ilikuwapo. Mimi sikumtazama. Nilitia sahihi arudi nyumbani, na nafasi garini ilikuwapo."

Mzee mmoja akasema, "Bwana Dresa, siku ikifika imefika. Hayo yaache."

"Siku naiamini, mzee wangu. Lakini kosa ni letu."

Ndipo mdogo wa marehemu akapaza sauti. "Umekuja kumwua mara ya pili? Mama yangu amekwisha kunyamaza, wewe unamliza upya? Simama! Ondoka hapa!" Mikeka ikasukwasukwa, wengine wanamshika, wengine wanamwambia Dresa aende zake.

Mama Siwema akaigeuza shuka, akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Wanagombania nini huko nje?"

Nilikuwa nimesikia kila neno. Nikasema, "Dresa anatoa pole."

"Mbona sauti juu?"

"Ni uchungu tu, Mama Siwema."

Akaitikia kwa kichwa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kuja.

Naona aibu hata leo ninapoandika. Kuandika ishirini ulikuwa uvivu wa msichana. Lile la chumbani nililifanya nikijua.

Tuliporudi Dresa alitembea mbele, nami nyuma hatua kadhaa. Tulipofika kwenye mabanda ya soko alisimama kumpisha hamali mwingine apite na mzigo wake. "Langu nimelisema," akaniambia. "Lako liko kwako. Sitakusemea." Hakurudia tena maneno hayo, miezi mitatu niliyobaki naye.

Mtaa haukumsamehe. Watu hawakumchukia kwa kifo, walimchukia kwa kukisema. Kwa wiki kadhaa benchi letu lilikuwa tupu hadi nzi wakachoka. Wakubwa wa afya wakasikia, wakamwita, wakamuuliza nani aliyejaza kadi. Akasema sahihi ni yake. Wakamwondolea kazi ya kupima wagonjwa, akabaki kuosha vyombo na kuchemsha. Akaja dresa mwingine, kijana mwenye maneno matamu, aliyempa kila mtu mkono, tena miwili. Wagonjwa wakarudi. Mzee wetu akakaa chumba cha nyuma na jiko la pampu, dakika ishirini toka maji yachemke, kama kawaida. Sikumsikia akilalamika. Nilimsikia tu siku moja akimuuliza yule kijana, kwa unyonge usio wake, kama amemwona mtoto aliyekaa kona ya benchi anavyopanua pua akipumua. Kijana alikuwa hajamwona. Mtoto yule alipanda gari la saa sita.

Mimi nilipata cheti. Nikaenda kufanya kazi hospitali kubwa, nikawa nesi anayeogopwa kwa kuhesabu pumzi dakika nzima. Walinisifu, na kila sifa niliipokea kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Nilijiambia nitakwenda kwa Mama Siwema atakapotoka edani. Akatoka. Nikajiambia baada ya mfungo. Mtu akitaka kukwepa hakosi mwezi wa kusingizia.

Miaka ya hamsini ilikuwa inakwisha nilipoambiwa Dresa amepata kiharusi na yuko kitandani kwake, Ilala. Nilikwenda alasiri moja, bado nina sare. Nikapiga hodi uani, sauti ya mwanamke ikanikaribisha, na nilipoingia chumbani nilimkuta Mama Siwema amekaa kwenye kigoda, ana bakuli la uji na kijiko.

Alinitambua kwa shida. "Si wewe nesi uliyekaa nami matangani?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Ameshindwa kusema, lakini anasikia vizuri."

Dresa alilala ubavu, upande wa kulia wa uso umeanguka. Jicho moja lilinifuata mpaka nilipokaa. Nilimsalimu. Kisha, kwa kuwa sikuweza kujizuia, nilimuuliza Mama Siwema imekuwaje yeye ndiye anayemlisha.

"Hana mtu. Jirani anamtazama asubuhi, mimi nakuja nikitoka Feri." Alimfuta mdomo. "Shemeji zangu waliniambia siku imefika, siku imefika, basi. Maneno ya huyu niliyapata miezi baadaye, mawifi wakiteta. Nilipotoka edani nilimfuata kule kule zahanati nimtukane. Nikamtukana, mwanangu, sikubakiza tusi. Akakaa ananisikiliza mpaka nikachoka. Nilipochoka akanionyesha kuhesabu pumzi za watoto. Akasema, hili ndilo ninaloweza kukupa. Mwaka uliofuata Siwema akashikwa na homa, nikahesabu zikafika hamsini na kitu, nikambeba mbio nikiwa na kanga moja. Yuko shule sasa."

Jicho la Dresa lilikuwa juu yangu. Halikuniomba wala halikunilaumu. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa wanapoingia mlangoni.

"Mama Siwema," nikasema, "ile kadi niliijaza mimi. Pumzi za baba Siwema sikuzihesabu. Niliandika uongo, naye akauamini."

Kijiko kilisimama.

"Na kule matangani," akasema, "nilipokuuliza?"

"Nilisikia yote. Nilikuficha."

"Nami nikakushukuru."

"Ulinishukuru."

Aliweka bakuli chini. Nilisikia watoto wa jirani wakigombana uani, na mtu akichota maji. Alinitazama kwa muda ambao siwezi kuupima, na machozi ambayo sikuyaona siku ile ya msiba niliyaona sasa, yakishuka moja kwa moja bila yeye kuyafuta. Nilikuwa tayari anitukane. Nilikuwa tayari aniambie niondoke, na ningeondoka.

Hakufanya hivyo, wala hakusema amenisamehe. Alijikaza akasimama, akafunua shuka ya Dresa kiunoni, akainama kuangalia ngozi ya nyonga ilipokuwa imeanza kuwa nyekundu.

"Ubavu huu ameulalia tangu asubuhi," akasema. "Peke yangu simuwezi. Shika bega, tumgeuze."

Nikashika bega.